Kikwembe cha Mahari ya Clarisse

Mi ni mushonaji, na adui yangu haiko mushonaji mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Adui yangu ni sanduku. Kama ungejua vikwembe, vitenge vya waksi, vyenye vimelala mu masanduku ya bamama wa huku kwetu Baraka, vikinuka dawa ya mende, ungeelewa juu ya nini mashine yangu inashinda kimya na mi nashinda nabadilisha zipu za suruali. Mama ananunua kikwembe, anakipapasa, anakikunja, anakifungia na kufuli. Ukimuuliza atakivaa lini, anakwambia siku itakuja. Siku gani? Siku muzuri. Na ile siku muzuri, mi na macho yangu mawili, sijaiona ikipita hapa barabarani.

Batu banasema akiba haiozi. Ni kweli, lakini panya hajui methali.

Sasa, kati ya bote bale bafungaji wa masanduku, mukubwa wabo alikuwa Mama Clarisse. Jina yake ni Florentine, lakini huku mwanamuke akizaa, batu banamuita kwa jina ya mutoto. Anauza ndagala. Kila asubuhi anashuka ku ziwa, anapokea samaki kwa bavuvi, anaanika, anageuza, anafukuza kuku na mbuzi za batu mpaka jua ipungue. Bwana yake alikufa zamani, na mutoto wake mumoja, Clarisse, alimulea na kumusomesha kwa ile ile ndagala. Mwanamuke wa kazi, simuzushii. Lakini mu nyumba yake chai ilinywewa mu kikombe cha plastiki chenye kiliungua midomo, na ku kabati kulikuwa glasi kumi na mbili mu karton yake, hazijaguswa na mayi. Thermos ilikuwa imevaa bado nailoni ya butiku. Ukienda kumusalimia anakukaribisha na moyo wote, kisha anakupa mayi mu kikopo.

Simulaumu bure. Wakati wa vita tulikimbia sisi bote, tukavuka ziwa mpaka Tanzania, tukakaa mu kambi miaka na miaka. Mama mwenye alikimbia na sanduku alipata kitu cha kuuza akanunulia batoto dawa. Mwenye aliacha vitu vyake ku kabati alirudi akakuta nyumba haina hata mulango. Florentine alijifunza pale kama kitu kizuri ni kile kiko tayari kubebwa. Tuliporudi Baraka alirudi na ile akili, akaiweka mu nyumba sawa kiti. Mi nilirudi na hasira, kila mutu na mizigo yake.

Lakini nataka kusema juu ya kikwembe kimoja.

Miaka saba imepita tangu Clarisse aolewe na Darius, kijana wa kijiji cha Lubondja, mulimaji wa mihogo na karanga, kijana wa adabu mwenye maneno machache. Siku ya mahari ba Lubondja balikuja na vitu vyabo vyote kama inavyotakiwa, na kati yake kulikuwa kikwembe cha mama. Kila mahari ya huku iko na kikwembe cha mama, juu ni mama mwenye alibeba yule mutoto mu mugongo, na mutoto akamukojolea vikwembe vyake vyote. Lakini kile cha Florentine kilikuwa kingine. Waksi ya kweli, nzito, pièce nzima ya yadi sita, rangi ya buluu ya usiku na majani ya njano, karatasi ya kiwanda ingali imebandikwa ku pembe. Shangazi ya Darius alikitandika ku mapaja ya Florentine, bamama bakapiga vigelegele, na mi nikaanza mu kichwa kupima mabega yake.

Siku ya ndoa Florentine alivaa kikwembe cha zamani. Nilimufuata mpaka ku mulango wa kanisa nikamuuliza kama amerogwa. Akanijibu kwa upole kama mama yake alimufundisha hivi: kikwembe cha mahari kinangojea mujukuu wa kwanza. Mutoto akizaliwa, bibi anakikata siku ile, anakivaa, na kipande chenye kinabaki anapokea nacho mujukuu. Kwabo balifanya hivyo tangu zamani. Nikamwambia basi, ni miezi tisa tu, nitangoja. Tulicheka.

Miezi tisa ikapita, na mwaka, na mingine. Kila kiangazi Florentine alifunga milango, akatoa kikwembe, akakianika ku kamba mule ndani ili jua ya inje isile rangi, kisha akakikunja tena ku mikunjo yake ile ile. Mara moja Clarisse alipata mimba. Florentine alikuja kwangu akicheka peke yake barabarani, akaniambia nitafute uzi wa buluu. Mu mwezi wa ine mimba ikatoka. Nilikuwa nimeisha kununua ule uzi.

Ku Lubondja maneno ikaanza. Mama Darius haiko mutu mubaya, nasema mbele ya Mungu, lakini iko na mutoto mwanaume mumoja, na bamama benzake ku shamba banabeba bajukuu wabo mu mugongo, yeye anabeba jembe. Alianza kwa kuuliza, akaendelea kwa kununa, akamalizia kwa kumwambia Darius kama mahali mbegu haioti, mulimaji anatafuta shamba ingine. Darius alinyamaza. Clarisse akafikiri ule ukimya ni wa kukubali, na mi nikiwa yeye ningefikiri vile vile.

Ndipo Albert alikuja Baraka. Albert ni baba mukubwa wa Darius, mwenye kusema kwa niaba ya familia, muzee wa koti hata mu jua kali. Alifika kwa Florentine na salamu nzuri, akaketi, akasifu nyumba, akauliza bei ya ndagala. Kisha, sawa mutu mwenye amekumbuka kitu kidogo, akauliza: kile kikwembe tulikupatia, mama, kiko salama?

Hapa ndipo Florentine alikosea, na ni kosa lenye mutu wa inje hawezi kulifanya, ni sisi tu. Alifurahi. Alifikiri muzee anataka kujua kama zawadi yabo iliheshimiwa. Akaenda kufungua sanduku, akarudi na kikwembe ku mikono mbili, kizima, na karatasi yake ku pembe, hakuna hata alama ya kidole. Akakiweka mbele ya Albert na kusema aone vile alikitunza. Albert akakigeuza, akatazama mikunjo, akaishika ile karatasi na vidole viwili. Akamushukuru sana. Akakunywa mayi mu kikopo, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Unajua alienda kusema nini Lubondja? Alisema: kikwembe kiko kizima. Alisema mama wa musichana mwenyewe hakuamini ile ndoa, alikaa miaka sita na mali yetu tayari kuirudisha, basi sisi tunangoja nini. Juu sheria ya bazee iko hivi: mahari ikirudi, chenye kimeliwa kimeliwa, chenye kingali kizima kinarudi. Na kikwembe cha mama kikirudi, ndoa imekufa. Mbuzi unaweza kubishana juu yake mwaka muzima, imezaa, imekufa, imeibiwa. Lakini kikwembe cha mama kikirudi hakuna tena neno. Florentine alitunza muzuri mpaka akabatunzia kamba ya kumufunga mutoto wake.

Clarisse alifika nyuma ya siku tatu, ku pikipiki, amejaa vumbi mpaka ku nyusi. Mi nilikuwa pale, nimeenda kununua ndagala ya mboga. Hakulia. Alieleza yote pole pole: vile Albert alirudi na maneno yake, vile Mama Darius alipiga mikono, vile familia itakuja jumamosi ya pili kuomba vitu vyabo. Florentine akasema ataenda kwa pasta, ataenda kwa chifu, ataita kaka yake Wilfried. Clarisse akamungoja amalize.

"Mama," akasema, "siku ya ndoa yangu ulivaa kikwembe cha zamani. Kile kizuri ulikiwekea mutoto mwenye hata hajazaliwa. Mi sikukutosha?"

Nilitazama ndagala zangu sawa mutu anazihesabu. Na nakwambia ukweli, nilikasirika, lakini sikujua namukasirikia nani, juu mi mwenyewe nilimucheka Florentine miaka sita na sikuwahi kuona kama kuna mutoto mwenye alikuwa analia chini ya kile kicheko.

Kesho yake, kabla sijafungua hata dirisha, Florentine alikuwa mbele ya mulango wangu. Kikwembe kilikuwa mu mikono. Akakiweka ku meza ya kukatia, akasema nipime.

Nikamuuliza kama amepata habari ya mujukuu. Akasema hakuna mujukuu. Akasema nitoe libaya moja, ile blauzi ya juu, kikwembe kimoja cha kufunga, na yadi mbili zenye zinabaki nizishonee Clarisse nguo, yeye yuko na kipimo chake. Nikachukua makasi, na mi, mwenye nililia miaka sita juu ya ile nguo, mukono ukakataa. Kitu chenye kimeheshimiwa sana kinatia woga. Florentine akaniangalia, akaninyang'anya makasi, akaanza mwenyewe ku pembe, hapo hapo penye karatasi. Alikata mbaya, upande, sawa mutu anakata majani ya mbuzi. Ile karatasi ikaanguka chini na mi nikapata nguvu.

Nikamuuliza anataka mutindo gani, nikamuonyesha mikono ya kupuliza, nikamuonyesha shingo ya kisasa. Akasema anataka mikono mipana, yenye inapanda mpaka ku kiwiko, na mifuko miwili.

"Mifuko ya nini? Ni nguo ya kanisa, Mama Clarisse."

"Ni ya kuanika ndagala," akasema.

Tuligombana, sitaficha. Nilimwambia kama ni dhambi, kama waksi ile inaweza kukaa miaka ishirini ukiivaa jumapili tu. Akasema hataki ikae miaka ishirini. Anataka mpaka jumamosi ya pili isifanane na kitu chenye mutu anaweza kudai. Nikashona usiku na mchana, na kila mushono nilikuwa nanung'unika, lakini nilishona muzuri, juu mukono wangu haujui kushona mbaya hata nikikasirika.

Basi Baraka ikaona maajabu. Florentine alishuka ku ziwa na buluu ya usiku na majani ya njano. Alipiga magoti mu muchanga nayo. Alibeba beseni yenye inavuja nayo. Alijifutia mikono ku mapaja, magamba ikabaki pale inang'aa. Bamama ba samaki bakamucheka, bakamuuliza kama ameolewa na muvuvi tajiri, na mumoja akamuonea huruma kweli kweli, akafikiri kichwa yake imepotea. Florentine aligeuza ndagala. Mu siku ine jua ilikuwa imeisha kula mabega. Mu siku saba kulikuwa tundu ya cheche chini ya goti, juu alipikia nayo pia.

Na alipoanza hakusimama pale. Alipasua nailoni ya thermos. Alitoa glasi ku karton, akaanza kunywea chai, yeye na Clarisse na mutu yeyote mwenye anapita. Moja ilimuponyoka ikavunjika ku saruji. Akafagia vile vipande, akachukua ingine, akamimina. Clarisse alikuwa anamuangalia mama yake sawa mutu mwenye anaona mugeni, lakini mugeni mwenye anataka kumujua. Ile nguo yake ya yadi mbili nilimaliza siku ya tano, na aliivaa siku ile ile kwenda kuteka mayi.

Jumamosi ya pili ba Lubondja balifika: Albert na koti yake, Mama Darius, na Darius mwenyewe nyuma yabo sawa mutu mwenye balimupeleka ku polisi. Wilfried alikaa upande wetu sawa baba wa musichana. Mi Florentine aliniita nikae nishuhudie. Yeye alitoka ku ziwa moja kwa moja. Nilimunong'oneza akaoge. Akakataa. Akaingia na ile nguo, imejaa chumvi ya jasho, inanuka samaki mpaka ku barabara, akabasalimia bote kwa heshima, akabapatia chai mu glasi zake.

Albert alisema muzuri, Mungu amupatie haki yake, muzee anajua kusema. Hakutaja tumbo ya mutu. Alisema watoto balijaribu, hakuna ugomvi, familia mbili zitabaki kusalimiana. Akataja mbuzi mbili zenye zilibaki. Wilfried akasema moja ilikufa. Albert akasema tutaongea. Kisha akakohoa, akasema kuna pia kikwembe cha mama, chenye yeye mwenyewe alikiona na macho, kizima, ku karatasi yake.

Albert alikuwa ameketi mbele ya Florentine, mita moja. Alikuwa anaitazama ile nguo tangu aingie na hakuitambua.

Florentine akasimama.

"Baba Albert, kikwembe ni hiki," akasema. "Nilikosa juu yake miaka sita. Mulinipatia juu ya mutoto wangu mwenye nilizaa, mwenye yuko, na mi nikakifungia mu sanduku kungojea mwingine mwenye hayuko. Nilimwambia mutoto wangu, bila kufungua mudomo, kama yeye peke yake hanitoshi. Sasa nakivaa, na nitakivaa mpaka kipasuke. Kama munakitaka, hakuna shida. Mwenye anakitaka asimame anifungue."

Sasa elewa. Huku kwetu kijana hapeani hata mukono na mama mukwe ovyo ovyo, anapita mbali, anashusha macho. Kumufungua kikwembe mama mukwe, mbele ya batu, mu nyumba yake? Hata kusikia ile neno tu, Darius alificha uso mu mikono. Albert aliangalia glasi yake. Mama Darius akaangalia goti ya Florentine, pale penye tundu ya moto, na nafikiri ni yeye wa kwanza alielewa, juu ni mama.

Wilfried alitaka kusema kitu cha kupoza. Clarisse akatoka ku chumba, na nguo yake ya buluu na majani ya njano, imechujuka kidogo ku kifua kwa ndoo za mayi. Hakuangalia bazee. Alimuangalia bwana yake, akamuuliza kama ni yeye mwenye anataka vitu virudi.

Darius akasimama. Ile kijana, miaka sita sikuwahi kumusikia akitoa maneno kumi kwa mufululizo, na hata pale hakufikisha.

"Baba mukubwa," akasema, "mi sikukutuma."

Ilitosha. Albert akajaribu mara mbili tatu, akazungukia huku na huku, lakini mutu hawezi kudai mali ya bwana mwenye anakataa kudai. Chai ikaishia mu glasi. Clarisse naye hakukimbilia kifua cha bwana yake. Alimwambia Darius, mbele ya mama yake, kama harudi mu kiwanja cha Mama Darius. Atarudi siku yenye kuna nyumba yabo wawili, hata ya udongo, hata ya chumba kimoja. Darius alijenga miezi mitatu. Clarisse alimungoja hapa Baraka akianika ndagala na mama yake, na hakwenda hata siku moja kabla nyumba haijaisha.

Mutoto? Najua unangoja niseme kama mutoto alizaliwa, juu batu banapenda hadithi imalizike na kitoto mu kikwembe. Hapana. Mpaka leo hakuna. Bako wawili mu nyumba yabo ya Lubondja, banalima karanga, na mwenye anataka kucheka acheke, bamezoea.

Florentine yeye hakurudi nyuma. Bamama bengine balianza kuniletea vikwembe vya masanduku, si wengi, watatu ine, na mashine yangu inalia kidogo. Sitadanganya kama nimetajirika.

Wiki yenye imepita, siku ya kazi tu, haikuwa sikukuu wala nini, Clarisse alishuka kutoka Lubondja kumuona mama yake. Mi nilikuwa nimeenda kumusaidia Florentine kutandika kitanda. Alikuwa ametoa mashuka meupe ya kutarizi, yenye hata mi sikujua iko nayo, na amechinja kuku, na amefagia mpaka inje. Clarisse akasimama ku mulango na begi yake, akaona yote ile, akasita kuingia.

"Mama," akauliza, "nani anakuja?"

Florentine alinyoosha pembe ya shuka.

"Ameisha kuja," akasema.